Kamba za viatu zinazofunguka ovyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha darasa la kwanza hapa Dar es Salaam, na Jumamosi alfajiri nakimbia na wenzangu wa jogging. Kwa hiyo karibu kila siku kuna mtu ananyoosha mguu mbele yangu: mtoto anayeomba nimfungie, mzazi anayelalamika getini, au mkimbiaji mwenzangu aliyesimama pembeni ya barabara akihema. Maswali ni yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu niliyoyajaribu kwa miguu yangu mwenyewe na ya wanafunzi wangu. Kama una haraka, soma mawili ya kwanza, ufunge viatu vyako upya, mengine utayasoma kwenye foleni.

Nafunga kwa nguvu zote, lakini hata sijafika kituoni zimeshafunguka. Nakosea wapi?

Mara nyingi kosa haliko kwenye nguvu, liko kwenye mwelekeo. Fundo la kiatu lina hatua mbili. Ya kwanza unapishanisha kamba, unapitisha moja chini ya nyingine na kukaza. Ya pili unatengeneza kitanzi, unakizungushia kamba iliyobaki, kisha unavuta kitanzi cha pili kupitia katikati. Kila hatua ni msokoto. Ukisokota mara zote mbili kuelekea upande mmoja, kamba zinapishana vibaya na fundo linajipinda. Hilo hufunguka upesi hata ukaze mpaka vidole viume. Msokoto wa pili ukienda kinyume na wa kwanza, kamba zinalala sambamba na kubanana zenyewe. Hilo la pili ni jamaa wa fundo ambalo mabaharia wamelitumia miaka mingi kufungia tanga lililokunjwa, na skauti hufundishwa mapema kabisa.

Kwa macho ya haraka mafundo hayo mawili yanafanana. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga fundo bovu miaka thelathini akidhani ana kamba mbovu.

Nitajuaje kama langu ndilo bovu?

Tazama kiatu chako sasa hivi. Vitanzi vikilala upande huu na huu, yaani kimoja kinaelekea kushoto na kingine kulia, huenda uko salama, ila hakikisha kwa jaribio lililo hapa chini. Vikisimama kwa urefu wa kiatu, kimoja kinaelekea vidoleni na kingine kinaelekea kwenye mguu, fundo lako limepinda.

Mimi mwenyewe nilioneshwa jambo hili na fundi viatu wa Ilala nikiwa mtu mzima, mwalimu mwenye cheti. Nilimpelekea raba aishone soli. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu," macho yake yakiwa tayari kwenye mguu wangu mwingine. Aliweka sindano chini, akashika kamba kwa vidole viwili kila upande, si kwenye vitanzi bali pale chini, zinapoingia kwenye fundo, akavuta taratibu. Vitanzi vyangu vilivyokuwa vimelala vizuri vikageuka vyenyewe, vikasimama kama mshale. "Unaona? Limepinda," akasema. Akafungua, akaanza upya, hatua ya kwanza akaifanya kinyume na nilivyozoea, ya pili akafanya kama kawaida. Akavuta tena palepale. Safari hii vitanzi havikutikisika, fundo likazidi kukaza.

Fanya jaribio hilo hilo. Ukikuta limepinda, usiguse hatua ya pili, kwa sababu mikono yako imeizoea na inaifanya bila kufikiri. Badili ya kwanza tu. Kama huwa unaanza kwa kupitisha kamba ya kushoto juu ya ya kulia, anza kwa ya kulia juu ya ya kushoto. Mimi ilinichukua kama wiki mbili mikono kukubali. Siku za mwanzo unajiona kama mtoto, baadaye unasahau kwamba uliwahi kufunga vingine.

Ni kamba tu. Kwani ina madhara gani?

Mwaka juzi, wakati wa masika, nilikuwa nashuka kwenye daladala Buguruni. Kamba ya kiatu changu cha kushoto ilikuwa imefunguka bila mimi kujua, na abiria aliyekuwa nyuma yangu aliikanyaga. Mguu wa kulia ulikuwa umeshafika chini, wa kushoto ukabaki juu. Nilianguka kifudifudi, viganja vyote viwili vikachunika, na madaftari 43 ya watoto yakaingia kwenye dimbwi. Abiria wale walinisaidia kuokota moja moja, mama mmoja akifuta kila daftari kwa kanga yake. Yule aliyenikanyaga aliomba radhi mara kumi, wakati kosa halikuwa lake.

Kwa kijana ni michubuko. Kwa mzee, kuanguka kwa namna hiyo kunaweza kuvunja nyonga. Tangu siku ile jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Kwa nini zinafunguka zenyewe, wakati hakuna aliyezivuta?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Mwaka 2017 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, Christopher Daily-Diamond, Christine Gregg na Oliver O'Reilly, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hasa. Gregg alikimbia kwenye mashine ya mazoezi huku kamera ya kasi kubwa ikirekodi kamba za viatu vyake.

Waliyoyaona ni haya. Mguu unapotua chini, kiatu kinapigwa kwa nguvu inayofikia karibu mara 7 ya mvutano wa dunia. Pigo hilo linalinyoosha fundo kisha linaliachia, linyooshe, liachie, na kila mara linalegea kidogo. Wakati huohuo mguu ukirushwa mbele na kurudi, vitanzi na ncha za kamba zinachapwa hewani kama mjeledi, na ncha zinajivuta kutoka kwenye fundo kama zimeshikwa na mkono usioonekana. Mwanzoni huoni kitu. Kisha ncha moja inarefuka kidogo; kwa kuwa imerefuka inavuta zaidi; kwa kuwa inavuta zaidi inarefuka zaidi. Kuanzia hapo fundo zima linaweza kuachia ndani ya hatua mbili tu. Ndiyo maana unaapa kwamba dakika moja iliyopita lilikuwa sawa. Kweli lilikuwa sawa.

Walijaribu pia kukaa mezani na kuning'iniza miguu wakiitikisa: kamba hazikufunguka. Wakakanyaga chini kwa nguvu bila kurusha mguu: hazikufunguka. Lazima yakutane yote mawili, pigo na mrusho, na hayo ndiyo kutembea. Walipoongeza uzito kwenye ncha, mafundo yaliachia zaidi. Na fundo lililopinda lilishindwa mara nyingi kuliko lile jema, ingawa hata jema lina kikomo chake.

Hapo tunapata funzo la mikono: usiache ncha ndefu zinazoning'inia. Ncha ndefu ni uzito unaofungua fundo lako mwenyewe.

Si nifunge tu fundo juu ya fundo?

Unaweza, na linashika. Watu wengi wa mjini hufanya hivyo: wanachukua vile vitanzi viwili na kuvifunga tena. Sikatai, lakini silipendi kwa sababu mbili. Kwanza, likilowa mvua halifunguki. Nimewahi kumkata kamba mtoto kwa mkasi baada ya kucha kushindwa. Pili, linaficha tatizo. Kama la chini limepinda, la juu linalishikilia tu, na siku ukilisahau unarudi ulikotoka.

Kuna fundo linaloshika zaidi, lakini linafunguka kwa mvuto mmoja?

Lipo, nalo nalitumia kila Jumamosi. Anza kama kawaida, kwa mwelekeo sahihi. Tengeneza kitanzi cha kwanza. Sasa, badala ya kukizungushia kamba ya pili mara moja, izungushe mara mbili, mizunguko ikae kando kwa kando, isipandane. Kisha sukuma kitanzi cha pili kipite chini ya mizunguko yote miwili, uvute vitanzi pande zote polepole mpaka fundo likae. Linakuwa nene kidogo katikati. Ukitaka kufungua unavuta ncha kama siku zote.

Ukivuta kwa haraka mizunguko inapandana na fundo linaonekana kama donge. Likitokea hivyo, lirudie.

Ninunue kamba za aina gani?

Ukiwa Kariakoo utaona wamachinga wamezining'iniza mkononi za kila rangi. Usianze na rangi, anza na vidole. Isugue kamba kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiteleza kama uzi wa kuvulia samaki, ni nailoni au poliesta laini, na itateleza hivyohivyo ndani ya fundo. Ikikwaruza kidogo, ina pamba au imefumwa kwa mawimbi, na hiyo inashika. Bapa hushika vizuri kuliko ya duara, kwa sababu sehemu kubwa zaidi inagusana.

Ya duara, ngumu, inayong'aa, ndiyo mbaya kuliko zote kwa kutembea, na bahati mbaya ndiyo inayokuja na buti nyingi. Ukiwa nayo na hutaki kuibadilisha, ipake nta ya nyuki kidogo pale fundo linapokaa. Nta ya Tabora tunayo nchini mwetu, kipande kidogo kinatosha viatu vya nyumba nzima kwa miezi mingi. Kamba za viatu vya ofisini mara nyingi hutiwa nta kwa sababu hiyo.

Na urefu?

Hesabu jozi za matundu. Jozi 4 hadi 5, kamba ya kama sentimita 90. Jozi 5 hadi 6, sentimita 115 hivi. Jozi 6 hadi 7, kama sentimita 137. Mguu mnene unahitaji zaidi kidogo. Kipimo cha mwisho ni macho: ukishafunga, ncha zisiguse chini, na kila kitanzi kilingane au karibu kilingane na ncha yake.

Nimenunua raba za mtumba, nzuri kabisa, ila kamba hazikai. Kwa nini?

Raba za mtumba zimeshatembea sana kabla hazijafika soko la Mchikichini. Kamba yake imelainika pale fundo lilipokuwa likikaa, nyuzi zimelala na mikwaruzo yote imeisha. Wakati mwingine hata si ya kiatu hicho. Muuzaji amechomeka aliyoipata ili kipendeze. Nunua kamba mpya. Gharama yake haizidi sahani ya chakula kwa mama ntilie, nawe utakitumia kiatu hicho mwaka mzima.

Angalia na matundu. Bati la tundu likiwa limechongoka, linakata kamba polepole. Fundi atalibadilisha au atalilainisha wakati unamsubiri.

Wakati wa masika, tope na mvua, nifanyeje?

Kamba ya pamba ikilowa inavimba na fundo linakaza. Kufungua ndiyo kazi. Ya nailoni ikilowa inabaki kuteleza. Tatizo kubwa zaidi ni tope na mchanga: chembe zikiingia kwenye nyuzi zinazisaga kutoka ndani, na baada ya misimu miwili kamba inakatika ghafla asubuhi ya Jumatatu. Ukifika nyumbani zichomoe, ziloweke kwenye beseni na sabuni ya unga, uzisugue kwa mkono, uzianike kivulini. Wanaotembea Coco Beach wafanye hivyo hata kiangazi, maana mchanga ule unaingia kila mahali.

Usikaushe kamba za nailoni karibu na jiko la mkaa. Zinasinyaa.

Mimi nakimbia. Nikifunga sana mguu unauma juu, nikilegeza kisigino kinacheza na kamba zinafunguka.

Hapo dawa iko kwenye yale matundu mawili ya juu kabisa ambayo watu wengi hawayatumii. Pitisha kamba kama kawaida mpaka tundu la pili kutoka juu. Kisha, badala ya kuvuka upande wa pili, ingiza kamba kwenye tundu la juu la upande uleule, kwa kulisukuma ndani, ili kibaki kitanzi kidogo kwa nje. Fanya hivyo pande zote. Sasa vusha kila ncha, iingie kwenye kitanzi kidogo cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, kisha funga. Kisigino kitatulia bila kubana mgongo wa mguu, na fundo halitapata misukosuko mingi.

Funga ukiwa umesimama, au umeinama na mguu umekanyaga chini, kwa sababu mguu ukibeba uzito unatanuka. Ukifunga mguu ukiwa hewani, fundo litabana ukianza kukimbia. Na joto la Dar linavimbisha miguu, kwa hiyo usishangae ukilegeza kidogo ukifika katikati ya safari. Kwenye Daraja la Tanzanite, kabla ya kugeuza, huwa tunasimama wote, kila mtu anatazama viatu vya mwenzake.

Kwa anayeshindana, uzito wa jambo hili uko wazi. Septemba 2025 Alphonce Simbu alituletea dhahabu ya marathoni kutoka mashindano ya dunia ya Tokyo kwa muda wa 2:09:48, na Amanal Petros wa Ujerumani aliyemfuata aliandikiwa muda huohuo. Kilichowatenganisha ni sehemu 3 za mia za sekunde. Kuinama na kufunga kamba moja kunanichukua mimi si chini ya sekunde 10.

Na njumu za mpira?

Fundo likae upande wa nje wa mguu, si katikati, ili usipige mpira kwa fundo. Kamba ikibaki ndefu, ichomeke chini ya zile zilizopishana. Vijana wengi huizungusha chini ya soli; inakatwa na vyuma au inakusanya nyasi, nami nawakataza. Kwa ajili ya wale wanaobishana uwanjani: kwa sheria ya 4 ya mpira wa miguu, kiatu kikikuvuka kwa bahati mbaya ukafunga goli papohapo, goli ni halali, ila unatakiwa ukivae haraka, usipitishe wakati mpira unapotoka nje ya mchezo.

Mwalimu, mwanangu ana miaka sita na bado hajui kufunga. Nimchukulie hatua?

Usimchukulie hatua, mama. Umri wa miaka mitano hadi saba ndio wengi wao vidole vinapotulia, na wapo wanaochelewa bila tatizo lolote.

Kitu kinachowachanganya watoto, nimekiona mwaka baada ya mwaka, ni walimu wengi. Mama anamfundisha hatua ya kwanza asubuhi akiwa amepiga magoti mbele yake. Jioni dada anamfundisha hatua ya pili akiwa amekaa kando. Kila mmoja amefundisha sawa, lakini mmoja ameonekana kama kwenye kioo na mwingine hapana. Mtoto anaunganisha nusu ya huyu na nusu ya yule, na hapo ndipo fundo lililopinda linapozaliwa. Nadhani wengi wetu tulilipata hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu mmoja afundishe hatua zote, na akae nyuma ya mtoto au ubavuni, mikono yote minne ikielekea upande mmoja.

Darasani natumia kipande cha boksi kilichochorwa kiatu, nikatoboa matundu kwa msumari, nikapitisha kamba mbili: nyekundu kulia, bluu kushoto, zimefungwa pamoja chini. Mtoto anaweka nyekundu juu ya bluu, anaipitisha chini, anakaza. Sasa rangi zimebadilishana pande. Kisha anatengeneza masikio mawili ya sungura, moja la kila rangi. Hapa pana siri ambayo watoto wanaishika haraka kuliko watu wazima: sikio jekundu ndilo linapita juu tena. Rangi ileile iwe juu mara zote mbili. Analipitisha chini, linatokea kwenye tundu, anavuta masikio yote mawili. Bluu ikipita juu mara ya pili, fundo linapinda mbele ya macho yake, nami namwacha alione.

Wiki ya kwanza boksi tu. Wiki ya pili kiatu juu ya dawati. Kiatu mguuni ni mwisho kabisa, maana kuinama na kufikiri kwa pamoja ni kazi mbili. Mwaka jana kulikuwa na mtoto mmoja mkimya sana aliyekaa na boksi lake mapumziko yote kwa siku nne. Siku ya tano alikuja mezani kwangu, akaweka mguu kwenye kiti bila kusema neno. Masikio yalikuwa hayalingani, moja refu kama kidole, jingine kama punje ya hindi. Yalikuwa yamelala upande huu na huu.

Mtoto wangu anatumia mkono wa kushoto.

Kaa mbele yake uso kwa uso, afuate kama kwenye kioo, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama wewe pia unatumia kushoto, kaa ubavuni.

Navua viatu mara nyingi kwa siku: msikitini, nyumbani, kwa watu. Sina muda wa mafundo.

Mji wetu ndivyo ulivyo, viatu vinabaki mlangoni. Matokeo yake watu hulegeza kamba moja kwa moja ili mguu uingie na kutoka, kisigino kinakanyagwa mpaka kinalala, na kamba hazifanyi kazi yoyote. Siku za namna hiyo, vaa moka au makobazi. Kama lazima uvae raba, tumia kamba za mpira zinazonyumbuka, zinazofungwa mara moja tu na baadaye mguu unaingia wenyewe.

Bodaboda?

Chomeka ncha na vitanzi ndani kabla hujapanda, kila safari. Kamba ikinaswa kwenye spoku za gurudumu la nyuma, mguu unafuata. Hili sina la kuongeza.

Mzee wangu hawezi kuinama, na mke wangu ni mjamzito.

Akae kwenye kiti kisichozama, aweke kifundo cha mguu juu ya goti la mguu mwingine, afunge hapo. Kwa mjamzito hata hilo linakuwa gumu miezi ya mwisho. Kamba za mpira au kiatu cha kubandika (velcro) ni bora. Kile cha kubandika kilitokana na Mswisi George de Mestral, aliyejiuliza kwa nini mbegu za magugu zinang'ang'ania nguo yake na manyoya ya mbwa wake. Mwenye kisukari asikaze kamba kufidia fundo linalofunguka: huenda hasikii kiatu kinapombana, na kidonda cha mguu kwake si jambo dogo.

Ile plastiki ya nchani imetoka, kamba imechanua kama ufagio.

Kama ni nailoni, kata nyuzi zilizochanua, ipitishe haraka pembeni ya mwali wa mshumaa, kisha iviringishe kwa kitambaa kilicholowa, si kwa vidole vitupu. Kama ni pamba usiiwashe, itaungua. Pamba ichovye kwenye rangi ya kucha, uisokote, iache ikauke usiku mzima. Solotepu inafaa kwa siku mbili tatu.

Kuna njia nyingine za kupitisha kamba kwenye matundu? Ipi inashika zaidi?

Zipo nyingi kupita kiasi. Kwa kiatu chenye jozi 6 za matundu, ukihesabu kila njia inayowezekana unafika karibu trilioni 2. Mwaka 2002 mwanahisabati Burkard Polster wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, alionesha kwenye jarida la Nature kwamba zile mbili tulizozizoea, ya kupishana kama herufi X na ya kulala sambamba, ndizo zinazobana kwa nguvu zaidi. Watu wa kawaida walifika hapo kwa mazoea, karne nyingi kabla yake. Kiatu cha ngozi kilichopatikana kwenye pango la Areni nchini Armenia kina umri wa kama miaka 5,500, na tayari kina matundu na kamba ya ngozi.

Nimeona mtu anafunga kwa sekunde moja. Ni kiini macho?

Hapana. Mwaustralia Ian Fieggen aliibuni njia hiyo mwaka 1982. Unatengeneza vitanzi viwili kwa wakati mmoja, kimoja ncha yake ikienda mbele na kingine nyuma, unavipitisha kimoja ndani ya kingine kwa pamoja, unavuta. Fundo linalopatikana ni lilelile la kawaida, ila limefika haraka. Kwa hiyo nalo linaweza kupinda kama hatua ya kwanza haikuelekea sawa.

Nimefuata yote. Kiatu kimoja tu ndicho kinaendelea kufunguka.

Linganisha viatu viwili pamoja. Mara nyingi utakuta kamba haikugawanywa sawa, ncha moja ni ndefu kuliko nyingine. Ichomoe mpaka chini uanze upya. Au ulimi wa kiatu umekimbilia upande, na fundo limekaa juu ya mteremko. Au suruali ndiye mwizi: upindo mpana unasugua kitanzi kila hatua. Kuna pia watu wanaofunga mguu mmoja tofauti na mwingine bila kujijua. Fanya lile jaribio la fundi kwa kila kiatu peke yake.

Nikimwona mtu barabarani kamba yake imefunguka, nimwambie?

Mwambie. "Dada, kamba," au "Kaka, kiatu," inatosha, na onesha kwa kidole kwa sababu kelele za kituoni zinameza maneno. Akiwa mtoto wa shule, msogeze pembeni ya barabara kwanza. Akiwa mzee asiyeweza kuinama, kumwambia tu ni kumwachia mzigo: mpe shikamoo, mwombe ruhusa, piga goti umfungie. Na kabla hujafungua lile la zamani, tazama lilikuwa limelala upande gani.